Kina mama wa Mwaloni usiwatoze

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza mjini, jirani na Makoroboi. Mume wangu alipofariki nikawa silali usiku, na bibi mmoja wa Kihindi, mteja wangu wa siku nyingi, akanifundisha meditesheni. Hakunidai hata senti. Sasa kila Jumapili jioni nami nawafundisha kina mama wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na kundi limekuwa kubwa. Shemeji yangu ananishauri nitoze shilingi 5,000 kwa kipindi, niweke ngazi tatu na vyeti. Hoteli moja ya Capri Point nayo inataka niwafundishe wageni wake kwa malipo. Bibi anasema elimu hii haiuzwi. Nami nina watoto watatu wanasoma. Nifanyeje? Halafu kuna mama mmoja kwenye kundi, tukifumba macho anasema anasikia watu wakimwita. Nimwambieje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Kina mama wa Mwaloni usiwatoze. Najua bei ya sare na madaftari, na kwa watoto wako nitafika. Lakini hilo la kwanza nalisema bila kusitasita.

Bibi yako hayuko peke yake. S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Burma mwaka 1924, alianza kufundisha vipasana, aina ya meditesheni ya Kibudha, huko India mwaka 1969. Hadi leo kozi zake za siku kumi hazina ada, si ya mafunzo, si ya chakula, si ya malazi. Mgeni hata akitaka kuchangia hapokelewi mpaka amalize kozi. Mimi niliikaa kozi hiyo Igatpuri, jimbo la Maharashtra, nilipokuwa nimempeleka kaka yangu kutibiwa Mumbai. Kengele inalia saa kumi alfajiri, hakuna kuzungumza, na kazi ya mwanzo ni moja tu: kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Magoti yaliniuma mpaka machozi yakanitoka. Ningekuwa nimelipa, ningekwenda kudai godoro jingine na haki ya pesa yangu. Lakini sahani ya wali na dengu niliyokula ililipiwa na mtu nisiyemjua, aliyekaa hapo kabla yangu. Ningemdai nani? Nikarudi kukaa. Aliyelipa huja kuhudumiwa. Aliyepewa anajua kazi ni yake.

Wapo wanaopinga. Wafuasi wa Maharishi Mahesh Yogi, yule mwalimu wa meditesheni ambaye wanamuziki wa Uingereza, Beatles, walimfuata Rishikesh, India, mwaka 1968, hutoza ada, na mwanafunzi hupewa faraghani neno lake la kurudia moyoni. Wanaotetea ada husema mtu huthamini alichokilipia. Mimi hoja hiyo siikubali. Mama aliyeamka usiku kupokea magunia ya dagaa kutoka visiwani, akabishana bei jua lote, kisha jioni akaacha mapumziko yake aje kukaa nawe kwenye turubai, huyo thamani unataka aioneshe vipi tena?

Hizo ngazi na vyeti ndivyo vinavyoniudhi zaidi. Muulize shemeji yako: ngazi ya tatu utawafundisha nini ambacho ngazi ya kwanza umewaficha? Mapokeo ya Kibudha yanasimulia kwamba Buddha, alipokuwa karibu kufa, alimwambia mwanafunzi wake Ananda kuwa hakuwa na ngumi ya mwalimu, yaani hakuna fundisho alilolifumbata akabaki nalo. Wewe nawe ulipewa kiganja wazi.

Tena bure nayo ina gharama zake. Kozi ya siku kumi haina ada, ila mchuuzi akifunga meza siku kumi wanawe watakula nini? Kwa hiyo wewe kuwafuata walipo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Ukitaka kuwapa muda mrefu zaidi, subiri mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkali mitumbwi hukaa ufukweni, mzigo Mwaloni unapungua, nao wanapata nafasi.

Nauli na turubai visitoke mfukoni mwako. Mwalimu wa kwaya hauzi nyimbo, lakini wanakwaya humchangia nauli na hakuna anayeona haya. Weka kikapu pembeni, wakimaliza, mahali ambapo huoni nani ametia na nani hakutia. Usikitangaze kila wiki.

Hoteli? Nenda, na ulipwe vizuri. Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kuwafundisha meditesheni wagonjwa wenye maumivu sugu katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani, na alikuwa kazini. Mtu kulipwa kwa saa zake si dhambi. Ninachouliza mimi ni nani anabaki nje kwa sababu ya bei. Mgeni aliyemudu chumba cha Capri Point hatabaki nje. Muuza dagaa atabaki. Kubaliana nao malipo kabla hujaanza, kwa maandishi, na usafiri uwe juu yao. Ila wageni uwafundishe yale yale ya Mwaloni, usiwatungie siri ili pesa ionekane halali. Ada za watoto zitoke hapo na kwenye cherehani yako. Bibi mweleze hivyo hivyo, kwa heshima, nadhani atakuelewa.

Sasa huyo mama anayesikia sauti. Msimamishe kwanza, asifumbe macho tena kwenye kundi. Kukaa kimya muda mrefu kunaweza kumzidishia mtu mwenye hali hiyo, na wewe si daktari. Usimwambie ni mapepo, wala usiruhusu wenzake waseme hivyo mbele yake. Zungumza naye mkiwa wawili, muulize kama analala, kama anakula, kama sauti hizo humwamuru kujidhuru. Akisema ndiyo kwa hilo la mwisho, msiagane. Nendeni hospitali ya Bugando siku hiyo hiyo. Akisema hapana, mpeleke hata hivyo ndani ya wiki, uende naye mwenyewe mpaka aonane na daktari wa afya ya akili. Ukimwelekeza tu njia hatakwenda.