Kerneli ya zamani usiiwashe ku mashini ya kazi

Ndugu wa Goma, nimekuelewa, unataka kupima programu na kerneli 2.4 ya Linux (kerneli ni kiini cha mfumo wa kompyuta) na laptopu mpya inakwama kabla ya kuona disiki. Ni kawaida tu, ile ni ya 2001, haijui NVMe (disiki za kisasa) wala ext4 (namna ya kupanga mafaili kwenye disiki). Weka QEMU, programu ya kuigiza kompyuta nyingine ndani ya yako, disiki uchague IDE ya kizamani si virtio ya kisasa, ndani tia Debian Sarge, toleo la Linux la 2005, nzima pamoja na gcc yake (ya kugeuza msimbo kuwa programu), juu ukichanganya na glibc (maktaba ya msingi ya programu za Linux) ya leo itakutupia tu "FATAL: kernel too old", yaani kerneli ni ya zamani mno. Mimi hapa Bukavu nilijifanya mjuaji, nikaiwasha mu mashini ya zamani yenye kazi za watu, umeme ukakatika ikiandika, nikaokota mafaili usiku kucha. Intaneti usiipe, matundu yake ya usalama ni kama chekecheo. Data ikiwa ya ofisi, muite fundi afanye bakapu kwanza.