Vijana wa mtaa kuingia saiti Dodoma: anzeni na futi kamba, mwiko utafuata

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini miradi imejaa kuanzia Mtumba hadi Msalato na bado vijana wa mtaa wenu wanaishia kubeba zege na kulinda vifaa, na kamati yenu ifanye nini. Kwa kifupi, mnaanza kuwaandaa siku greda limeshafika. Siku hiyo foromani (msimamizi wa saiti) anatafuta mtu wa kazi ya leo, hana nafasi ya kufundisha.

Tuanze na kalenda. Mafunzo yakianza Desemba mvua itawachukua wote shambani. Anzeni Juni mavuno yakishaingia, mmalize Novemba. Bajeti ya nauli na chakula cha mchana iwepo kabla ya bajeti ya vyeti. Kijana akiacha wiki ya tatu, mara nyingi kuna mtu kamwita akachimbe msingi alipwe jioni hiyo hiyo, na huwezi kumlaumu.

Wiki mbili za mwanzo asiguse mwiko. Ashike futi kamba, pima maji, timazi na kamba. Michoro ya saiti kubwa iko kwa milimita, mtaani tunawaza kwa inchi, na hapo ndipo wengi hukwama: akiambiwa ukuta wa milimita 230 ajue papo hapo ni inchi 9. Mtihani mzuri ni kupiga mraba uwanjani: mita 3 upande huu, mita 4 upande wa pili, mshazari usome mita 5 kamili. Ukisoma 5.04, wengi husema "si mbaya". Waonyesheni: kwa kosa hilo, ukuta wa mita 12 kona yake inatoka nje kwa karibu sentimita 20. Fundi wa vigae na wa kenchi ndio watakaolia baadaye.

Zoezi la pili ni ringi, yaani vipande vya nondo nyembamba vinavyokunjwa kuzunguka na kufunga nondo za nguzo. Nguzo ni 230 kwa 230, zege la kufunika nondo milimita 25 kila upande. Kwa hiyo ringi kwa nje ni 180 kwa 180. Pande nne ni 720, ongeza ndoano mbili (ncha za kukunjia) za 80 kila moja, unapata 880. Nondo ya milimita 8 yenye urefu wa mita 12 inatoa vipande 13, na kinabaki kipande cha kama sentimita 56. Anayekata kwa kukadiria hupata 12, au hufupisha ndoano, na ndoano fupi hufunguka mzigo ukija. Kijana anayeweza hesabu hii kwenye kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji hatabaki saidia fundi muda mrefu.

Kwenye zege, wafundishwe kupima kwa ndoo, maana beleshi la kila mtu lina ujazo wake. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35. Kwa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) unataka mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20 na kokoto ndoo saba. Maji lita 25 hadi 30, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Ugonjwa wa saiti nyingi ni kuongeza maji ili zege liteleze, kisha nguvu inashuka. Kwa jua na upepo wa Dodoma wa Septemba na Oktoba, zege lifunikwe na kumwagiliwa siku 7 kwa uchache, la sivyo linapasuka juu kabla halijakomaa.

Sasa uchaguzi wa fani. Kamati nyingi hupeleka vijana wote kwenye uashi, wakirudi ukuta umeshapanda. Muombeni mkandarasi mpango kazi wake, mhesabu kurudi nyuma. Mabomba ya umeme yanalala kabla ya zege kumwagwa, kwa hiyo fundi umeme anahitajika mapema kuliko mnavyodhani. Lipu, vigae, jipsamu na rangi huja mwisho, na hata mradi ukiisha, kazi hizo hazikosekani kwenye nyumba za watu. Kama mradi ni barabara, tazameni makalavati na mitaro: huko wanatakiwa fundi nondo, seremala wa mbao za kumwagia zege na mwashi wa mawe.

Wale ambao tayari ni mafundi bila cheti wasirudishwe darasani mwaka mzima. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: mtu anapimwa kwa mahojiano na vitendo, anaongezewa alichopungukiwa, anapata cheti. Fundi umeme ajue pia kwamba leseni inatoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Uanagenzi wenyewe, yaani kujifunza kazi chini ya fundi, uwe na karatasi. Mkataba useme fundi gani anamfundisha nani, posho ni kiasi gani, na kazi zipi lazima azifanye kwa mkono wake. Kila jioni aandike kwenye daftari alichofanya, fundi asaini. Daftari likionyesha "kubeba tofali" wiki nne mfululizo, nendeni kwa foromani. Hapo hakuna uanagenzi, mmempa mkandarasi kibarua wa bei nafuu. Fundi mmoja asipewe zaidi ya watatu.

Majina yakaguliwe sasa hivi: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na laini ya simu yafanane herufi kwa herufi. Tofauti ya "Juma" na "Jumaa" inatosha kuchelewesha NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na malipo.

Mwisho wa mafunzo mpeni kila mmoja zana zake: wa uashi mwiko, futi kamba, timazi na pima maji, wa nondo pinsa na msumeno wa chuma. Zipakwe alama ya rangi. Pima maji ndiyo huwa ya kwanza kupotea.