Msuli ni Panya: Nilivyoinuka Baada ya Kupata 31 ya Anatomia

Juzi usiku dogo mmoja wa Nachingwea, yuko mwaka wa kwanza chuo cha afya, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata 38 ya anatomia. Nakariri mpaka alfajiri, asubuhi majina yote yamekimbia. Wewe ulifanyaje?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mimi nilipata 31.

Na sikuwa mvivu, jamani. Nilipiga msuli usiku kucha, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji nisisinzie, madesa yamejaa hadi chini ya mto. Ila nilisoma kama kasuku. Majina ya Kilatini yalipita mdomoni bila kugusa kichwa.

Nikarudi kwetu Masasi kusubiri sapu, yaani mtihani wa marudio. Mzee hakuuliza matokeo, na hilo liliniuma kuliko angefoka. Padri mmoja wa huko kwetu aliniazima kamusi yake ya Kilatini, imechakaa hadi jalada limeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia ya korosho. Nikatafuta musculus, neno ambalo lilikuwa mwanzoni mwa kila jina lililonifelisha. Maana yake: panya mdogo. Mus ni panya, hiyo -culus ni ya kudogosha, kama tunavyosema kijitu au kijiti.

Nilidhani padri ananitania. Lakini alasiri hiyohiyo mzee alikuwa ametandaza msuli wake kitandani, ule wa mistari ya kijani, akaenda kuoga. Panya akadondoka kutoka darini, akajichimbia chini ya kitambaa. Nikaona kivimbe kinakimbia, kinasimama, kinakimbia tena. Nikakunja mkono wangu wa kulia taratibu, nikaukunjua. Kivimbe kilekile. Mzee alirudi akanikuta nachezesha mkono huku panya anatokomea mlangoni. Maneno aliyoniambia siyaandiki hapa.

Warumi waliona hivyohivyo. Wagiriki nao, maana kwao neno moja, mys, lilikuwa panya na lilikuwa msuli. Ndiyo hiyo mayo- unayoikuta kwenye mayokadia, nyama ya moyo. Tena Warumi hawakuishia mwilini. Musculus walimwita pia chaza wa aina fulani, na kile kibanda cha vitani walichojificha chini yake wakisogelea ukuta wa adui. Kitu kidogo kinachotambaa kimejifunika, basi.

Nilirudi chuoni kifua mbele. Kipindi cha kwanza nikanyoosha mkono, nikaeleza habari ya panya. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasubiri kitulie, akasema: "Nyie watu wa kusini kila kitu mnaona mboga." Ndiyo, tunakula samaki nchanga, yaani panya, tena mkavu wa kuchomwa akipikwa na karanga utalamba vidole. Ila siku ile nilitamani sakafu inimeze. Miaka imepita, bado nikimkumbuka koo linakaza.

Sapu nilipata 67. Sikuongeza hata saa moja ya kusoma. Nilichofanya ni kutafuta maana ya kila jina kabla ya kulikariri. Biceps ni "vichwa viwili", na kweli msuli ule unaanzia begani kwa vichwa viwili. Tibia, muundi wa mguu, ni filimbi. Patella ni kisahani. Hapo nikagundua hata babu zetu walikuwa na mchezo huohuo: Mrumi kaona kisahani, sisi tumeona pia, ile ya watoto kuchezea, tukasema pia ya goti. Nyama ya nyuma ya mguu sisi tunaiita shavu la mguu. Mgiriki aliona tumbo, ndiyo maana inaitwa gastrocnemius, tumbo la mguu. Kile kinachoning'inia kooni kwa Kilatini kinaitwa uvula, kizabibu. Sisi kidakatonge, na hapo nadhani tumewashinda.

(Ligula pia ni neno la Kilatini, ulimi mdogo au kijiko. Ukipanda bodaboda kwenda Ligula hapa Mtwara usianze kuwaeleza watu kwamba Warumi walifika.)

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu ni huo: tafuta maana. Ukishatafuta maana, tafuta na picha yake. Vijana wa siku hizi mnapenda desa la mtu mwingine, mnapiga picha kwa simu mnalala nalo, mnadhani limesomeka. Halijasomeka. Shika mwili wako mwenyewe, kunja mkono, guna, cheza na goti, uliza jina limetoka wapi. Na ukichekwa, vumilia. Mwambie anayekucheka kwamba mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alitoa kitabu cha majina ya viumbe, akamwita panya wa nyumbani Mus musculus, na katika kitabu hichohicho nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani, akampa jina hilohilo la musculus. Mimi sikulijua hilo siku ile. Ningelijua ningemjibu.

Nipo Masasi hadi Jumapili. Njoo na madaftari yako, tuanze na misuli ya mgongo, ndiyo inayowachanganya wengi. Mama yangu ana samaki nchanga wawili wametundikwa juu ya jiko.