Kabla Hujalipia Bunduki ya Marisau, Ulizia Kwanza Risasi Zake

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Sengerema aliniletea ujumbe mrefu. Alianza kwa kuniamkia, akaeleza kwamba kibali chake cha kumiliki silaha kimetoka, fedha anayo, na kilichobaki ni mimi kumtajia bunduki ya marisau, au shotigani kama wengi wetu tunavyoiita, ambayo haitamtia aibu mbele ya watu. Aliambatanisha picha tatu. Zote zilikuwa za pampu, yaani za kukokwa kwa kuvuta mkono ulio chini ya mtutu, zote nyeusi, zote fupi, na mojawapo inafanana kabisa na ile iliyonitesa mimi. Nimeona nimjibu hapa kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyo hiyo. Hatua za kibali nazipita, kwa maana safari ya kutoka serikali ya mtaa kwenda polisi na kwenye kamati ya ulinzi na usalama mtaelekezwa huko huko, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haihitaji mimi niisimulie. Ninachotaka kusema ni kile ambacho muuzaji hukimeza: majuto mengi ya wenye bunduki za marisau hayaanzii kwenye bunduki, yanaanzia kwenye risasi.

Ile yangu niliinunua mpya, katika duka ambalo sitalitaja, kwa muuzaji ambaye sura yake naikumbuka vizuri kuliko sura za baadhi ya jamaa zangu. Ilikuwa imetengenezwa Uturuki. Hilo lenyewe si kasoro, kwa sababu mji wa Huğlu na majirani zake katika mkoa wa Konya wametengeneza bunduki za marisau kwa vizazi kadhaa, na zipo zinazotoka huko ambazo ningezinunua hata leo. Nilimuuliza muuzaji swali la wazi: je, hii inakubali risasi yoyote ya kipimo cha 12, yaani ya upana wa mtutu wake? Akanijibu kwamba ukiipa hata mawe itayatema. Nilimwamini, kwa kuwa mtu aliyepewa leseni ya kuuza silaha humtarajii azungumze kama muuza simu za mtumba pale Makoroboi.

Tulikwenda kuwinda kanga, kwa leseni halali, nikiwa na shemeji yangu, mjomba wangu, na wazee wawili wanaoheshimika sana huko Magu. Risasi ya kwanza ilitoka vizuri na kanga mmoja akaanguka. Nikavuta mkono wa pampu ili ganda litoke na risasi ya pili iingie, haukurudi. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, na ganda likabaki limeng'ang'ania ndani ya chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, huku kundi zima likiinuka na kupita juu ya vichwa vyetu kwa starehe yake. Shemeji alisema jambo kwa Kisukuma ambalo sitaliandika hapa. Mzee mmoja alicheka hadi akatafuta mahali pa kukaa. Mjomba, ambaye bunduki yake ya mtutu mmoja ilikuwa imefungwa waya kwenye kitako na ilikuwapo kabla sijazaliwa, hakucheka wala hakusema neno. Aliendelea na kazi yake, na jioni ndiye aliyekuwa na kitoweo cha kugawa.

Nilipompigia muuzaji, alisema siifanyii usafi. Nikaisafisha kama nilivyoelekezwa. Akasema sivuti kwa nguvu. Niseme kweli kwamba neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mimi ni mtu niliyebeba magunia ya mpunga mgongoni tangu ujana na sijawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba mikono yangu haina nguvu.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mstaafu. Aliivua mtutu, akamulika tochi ndani ya chemba, akanionyesha mikwaruzo ya duara iliyoachwa na mashine kiwandani, ambayo hakuna aliyejisumbua kuisugua. Kisha akachukua ganda mojawapo lililokwama na kuligusa kwa sumaku, nalo likanasa. Kitako cha ganda lile kilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hapo ndipo siri ilipo. Risasi inapolipuka, kitako cha ganda hutanuka na kuibana chemba. Shaba hurudi haraka kwenye umbo lake na ganda hutoka kwa urahisi, lakini chuma hicho cha bei nafuu hakirudi vizuri, na kama chemba ina mikwaruzo, ganda hushika humo na halitoki mpaka uligonge kwa ufito kutokea mdomoni mwa mtutu. Tulipojaribu risasi zenye kitako cha shaba, bunduki ile ile ilifanya kazi bila tatizo. Shida ni kwamba hizo sikuzipata Mwanza kwa uhakika, na risasi hununuliwa kwa utaratibu wa kibali, kwa hiyo huwezi kumtuma kijana wa basi akuletee boksi kutoka Dar es Salaam.

Ndiyo maana namwambia ndugu yangu wa Sengerema aanze na risasi. Aende kwenye duka halali lililo karibu naye, aulize ni risasi zipi zinapatikana mwaka mzima, aandike aina yake, urefu wake na uzito wa marisau yake, yaani zile punje zilizomo ndani, kisha ndipo atafute bunduki inayokubaliana nazo. Muuzaji akikataa bunduki ijaribiwe kwa risasi hizo hizo mahali panaporuhusiwa, amwachie bunduki yake.

Urefu wa risasi nao una hila yake, na hapa nina rafiki wa Nyegezi ambaye anajuta kwa namna nyingine kabisa. Yeye alinunua bunduki ya Kiingereza ya zamani, mitutu miwili iliyolala sambamba, yenye nakshi za maua ambazo ukiziona utasahau bei. Chemba zake ni za milimita 65, kama zilivyo za bunduki nyingi za Kiingereza za enzi zile, ilhali risasi zinazouzwa siku hizi kwa kawaida ni za milimita 70. Watu hudhani risasi ndefu itakataa kuingia. Haikatai, kwa sababu urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafyatuliwa na mdomo wake kufunguka. Likiwa bado limekunjwa huingia vizuri na bunduki hufunga kama kawaida. Inapofyatuliwa ndipo mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, marisau hupita kwa kusongamana, na mgandamizo hupanda kuliko mtutu ulivyokusudiwa. Nyingine katika hizo za kale zina mitutu ya kusokotwa, yenye mistari inayofanana na mawimbi, iliyotengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, na kuipa baruti ya kisasa ni kujitafutia msiba. Yeyote anayeuziwa ya Kiingereza atazame alama zilizogongwa chini ya mitutu, kwa kuwa Uingereza ina vituo vya kupima mitutu, na kile cha Birmingham kilianzishwa kwa sheria mwaka 1813. Rafiki yangu hakuzitazama. Bunduki yake iko kwenye kabati la chuma, anaipaka mafuta na kuitazama, na hana risasi ya kuipa.

Wala msidhani kwamba kuvunjwa moyo na bunduki ni mambo ya zile za bei nafuu au ya huku kwetu tu. Kampuni ya Winchester ya Marekani iliwahi kutoa bunduki ya marisau ya kujikoki yenyewe, Model 1911. John Browning alikuwa ameipeleka bunduki yake ya aina hiyo Ubelgiji baada ya kushindwa kuelewana na Winchester, na hataza zake, yaani haki zake za uvumbuzi, ziliwazuia wao kuweka kishikio cha kukokia pembeni. Basi wakaamua kwamba mwenye bunduki aushike mtutu wenyewe, sehemu iliyokwaruzwa kwa makusudi, na kuuvuta nyuma. Risasi za wakati ule zilikuwa na maganda ya karatasi ambayo yakipata unyevu huvimba na kukwama. Mtu akikwamiwa, alisimamisha kitako chini, akashika mtutu kwa mikono miwili na kuusukuma kuelekea ardhini, uso wake ukiwa juu ya mdomo wa mtutu. Wapo waliokufa kwa namna hiyo. Zilitengenezwa zaidi ya 80,000 kabla ya kuachwa mwaka 1925, kwa hiyo jina kubwa lililochongwa kwenye chuma lisikuondolee akili.

Kuna kundi jingine la wenye majuto ambalo nalionea huruma zaidi, nalo ni wakulima wenzangu wa mpunga. Mtu anachoka kuamia ndege kwenye majaruba, anaona watoto wanashinda juani wakipiga kelele na madebe, anajiambia kwamba bunduki ya marisau itamaliza kweleakwelea. Kweleakwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi linaweza kuwa na ndege milioni moja na zaidi, yaani tani 10 kwa siku moja. Utaua wangapi kwa boksi la risasi? Wanaruka, wanageuka, wanatua upande wa pili wa shamba lako, na wewe umeshatumia fedha ya mbolea. Makundi hayo hukabiliwa kwa kutoa taarifa kwa afisa kilimo mapema ili ndege ya kunyunyizia dawa ije yanapolala. Na anayefikiria kiboko aache kabisa. Marisau yatamjeruhi na kumkasirisha, na sheria ya wanyamapori itakukuta ukiwa bado unakimbia.

Nirudi kwenye zile picha tatu. Mbili zina mshikio wa mkono kama wa bastola na hazina kitako cha kuegemeza begani. Kwenye picha zinapendeza. Mfanyabiashara mmoja wa Igoma aliinunua ya namna hiyo kwa ajili ya ulinzi wa ghala, na alipoijaribu ilimtegua kifundo cha mkono na marisau yakaenda anakojua Mungu. Bunduki ya marisau huelekezwa kwa mwili mzima: kitako kikae begani, shavu liguse mbao, jicho lenye nguvu litazame juu ya mtutu. Kitako kikiwa kirefu kitanasa kwenye nguo, kikiwa kifupi kidole gumba kitakupiga puani. Tena bunduki nyepesi hupiga bega zaidi kuliko nzito kwa risasi ile ile, jambo ambalo muuzaji hulitaja kama sifa anapokwambia uinue uone ilivyo nyepesi. Mdomo wa mtutu nao uulizwe umebanwa, yaani umepunguzwa upana, kiasi gani: mtutu uliobanwa kikamilifu huweka takriban asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 hivi, na usiobanwa huweka kama asilimia 40. Kwa kanga anayeruka mbali na kwa mlango wa ghala mbano unaohitajika si ule ule, na mtu anayedai mtutu wake unafanya yote anakudanganya.

Nitasema na hili hata kama litawaudhi baadhi yenu. Wengi wetu Kanda ya Ziwa tunanunua bunduki ili ionekane kwamba tumefika. Tunaitaja kwenye vikao vya harusi, tunawaonyesha wakwe, kisha hatujui hata kuipakua salama. Mtu wa namna hiyo lazima ajute, kwa kuwa hakuna bunduki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mjomba hakuwahi kuisifia ya kwake, na nyama ilikuwa nyumbani kwake.

Mimi sasa nina ya mitutu miwili iliyopandana, iliyotumika, yenye chemba za milimita 70, isiyo na pampu wala chochote cha kukwama, na inatoa maganda ya chuma na ya shaba bila kubagua. Msimu uliopita shemeji hakupata nafasi ya kucheka. Ile ya kwanza niliiuza kwa hasara, kwa kupitia polisi, na mnunuzi nilimwambia ukweli wote pamoja na kumwonyesha sumaku.

Jambo la mwisho ni kutu. Tunaishi kando ya ziwa, na hewa ya Mwanza wakati wa mvua hupenya hadi kabatini. Usiihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au wa kitambaa, kwa sababu vyote hufyonza unyevu na kuushikilia kwenye chuma. Mfuko ni wa safarini. Ukirudi, ipakue, ifute yote, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ndani ya mtutu na ndani ya chemba pia, kisha iweke kabatini bila kuivalisha chochote. Mafuta yasizidi, kwa kuwa yakichuruzikia kwenye mbao za kitako huzilainisha na hatimaye kuzipasua. Risasi zikae mahali pake, kavu, kwa kufuli yake tofauti.