Maswali ya Wasomaji: Mbunge wetu alipigaje kura?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mbunge wetu hapa Nairobi yumo katika muhula wake wa kwanza na hana cheo Bungeni, si kiranja wala mwenyekiti wa kamati. Kila tukikutana naye katika hafla hutuonyesha hundi za basari na picha za madarasa mapya. Mimi nataka kujua jambo moja tu, nalo ni upande anaoupigia kura akiwa ukumbini. Nimemuuliza msaidizi wake mara mbili, akanijibu kwamba mheshimiwa huunga mkono mambo ya wananchi. Je, kuna mahali zinapoandikwa kura za kila mbunge, ambapo mtu kama mimi anaweza kuzisoma?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Mahali papo, ndugu msomaji, napo ni Hansadi, yaani taarifa rasmi ya kila neno linalosemwa ukumbini, ambayo Bunge huichapisha kwenye tovuti yake na ambayo huisomi kwa hisani ya mtu yeyote. Lakini kabla hujaanza kuipekua ni lazima ujue kwamba kura nyingi zinazopigwa Bungeni hazina majina. Kwa kawaida Spika huuliza swali, wanaokubali wakaitikia kwa pamoja, kisha wanaokataa nao wakaitikia, naye akaamua kwa sikio lake ni upande upi uliovuma zaidi. Jambo likiamuliwa hivyo, aliyeitikia kwa nguvu, aliyekaa kimya na aliyekuwa mkahawani akinywa chai hawatofautiani hata kidogo mbele ya Hansadi.

Majina huandikwa pale tu wabunge wa kutosha wanaposimama kuupinga uamuzi huo wa sikio na kudai kura zihesabiwe, au pale ambapo jambo lenyewe haliwezi kupita bila hesabu. Hapo kengele hulia katika majengo yote ya Bunge, wabunge wakatoka mbio katika vyumba vya kamati, milango ya ukumbi ikafungwa baada ya dakika chache, na aliyechelewa akabaki nje na kura yake. Hansadi ya siku hiyo hubeba orodha ya waliokubali, ya waliokataa na ya waliojizuia. Litafute jina la mbunge wako katika orodha hizo, na usipolikuta katika hata moja, umekwisha kupata jibu.

Tuchukue Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi, ambao nadhani ndio uliokusukuma kuandika. Uliposomwa mara ya pili, tarehe 20 Juni, kura 204 ziliuunga mkono na 115 zikaupinga. Siku tano baadaye, tarehe 25 Juni, uliposomwa mara ya tatu huku waandamanaji wakiwa barabarani na muda mfupi kabla hawajaingia katika majengo ya Bunge, waliouunga mkono walikuwa 195, waliopinga 106, na kura 3 zikaharibika. Tazama kwamba pande zote mbili zilipungua. Bunge la Taifa lina wabunge 349 wenye haki ya kupiga kura, kwa hiyo zaidi ya 40 hawakuhesabiwa upande wowote siku ile. Baadhi yao huenda walikuwa na udhuru wa kweli. Hata hivyo, mbunge aliyekubali tarehe 20 kisha asionekane tarehe 25 anadaiwa maelezo mawili, wala asikubaliwe kulipa kwa moja.

Utakapomuuliza, jihadhari na jibu moja ambalo nimelisikia mara nyingi. Atakwambia kwamba alichokipitisha si kile ulichokipinga, kwa sababu kodi ya mkate, kwa mfano, ilikuwa imeondolewa. Ni kweli kwamba kamati ilikwisha kutangaza kuiondoa kodi hiyo kabla ya kura ya kwanza kati ya hizo mbili. Kwa hiyo usimuulize juu ya mkate. Muulize alipendekeza marekebisho gani yeye mwenyewe katika hatua ya kamati ya Bunge zima, ambapo mswada hupitiwa kifungu kwa kifungu na ambapo mbunge asiye na cheo ana nafasi sawa na kiongozi wa wengi ya kusimama na kusema kwamba neno hili lifutwe, liwekwe lile. Marekebisho hayo huchapishwa kwa jina la aliyeyaleta.

Kuhusu hundi za basari, fedha hizo ni za NG-CDF, yaani hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, nazo hutoka katika mapato ya serikali ya taifa, si mfukoni mwake. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya 2015 inayoiunda hazina hiyo inakiuka Katiba, na mojawapo ya hoja zilizokuwa mbele yake ilikuwa hiyo hiyo ya mbunge kujitwika kazi ya kugawa badala ya kutunga sheria na kusimamia.

SWALI: Mbunge wetu alitajwa miongoni mwa wale wasiosema kitu Bungeni mwaka mzima. Alipoulizwa kanisani alijibu kwamba kazi yake huifanya katika kamati, ambako hakuna kamera. Je, tumwamini?
Mama wa watoto watatu, Nairobi

JIBU: Mama, anaweza kuwa anasema kweli, na kwa bahati nzuri jambo hilo linapimika. Orodha za wabunge wasiosema, kama zile zinazotolewa na shirika la Mzalendo, hutegemea kuhesabu mara ambazo mbunge ametajwa kuzungumza katika Hansadi. Zinasaidia, lakini hesabu haitofautishi maneno na pumba. Niliwahi kukaa alasiri nzima nikisoma michango ya mbunge mmoja ambaye sitamtaja, aliyekuwa akisifiwa kwa wingi wa michango yake. Mingi ilikuwa rambirambi, pongezi kwa timu ya mpira, na sentensi moja ambayo nilianza kuikariri: kwamba anamshukuru Mheshimiwa Spika kwa kumpa fursa na kwamba anaunga mkono. Kila moja ilihesabiwa kuwa mchango.

Kamati kwa upande wake huacha karatasi. Ripoti yake inapowasilishwa Bungeni huambatanishwa na kumbukumbu za vikao, zenye orodha ya waliohudhuria na waliokosekana, pamoja na karatasi ya sahihi za wanachama walioikubali ripoti hiyo. Chukua ripoti tatu au nne za kamati yake, uhesabu sahihi zake. Usipoziona mtandaoni, mwandikie Karani wa Bunge ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoitaka ofisi ya umma ijibu ombi katika muda usiozidi siku 21.

Na asikwambie kwamba mbunge asiye na cheo hana njia. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ilitokana na mswada wa Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa tu wakati huo na ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria ya 2016 iliyoziwekea benki kikomo cha riba, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, ililetwa na Jude Njomo wa Kiambu Mjini, ikatiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta, na ingawa kikomo chenyewe kiliondolewa mwaka 2019, kila aliyekuwa na mkopo katika miaka ile alikihisi. Mimi binafsi sikuipenda sana sheria hiyo, lakini hakuna aliyehitaji kuuliza Njomo alifanya nini Bungeni.

SWALI: Mbunge asipohudhuria, sheria inasemaje?
Kijana wa boda boda, Nairobi

JIBU: Kifungu cha 103 cha Katiba kinasema kwamba kiti huwa wazi iwapo mbunge atakosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya Spika ya maandishi, na ashindwe kuiridhisha kamati inayohusika kwa maelezo yake. Bunge la Taifa hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri, hivyo vikao vinane ni wiki mbili tu. Linganisha hayo na mswada wa usawa wa kijinsia wa Februari 2019, uliohitaji kura 233 kwa kuwa ulibadilisha Katiba. Ulianguka zaidi kwa sababu viti vilikuwa vitupu kuliko kwa wingi wa waliosimama kuupinga, maana pale panapotakiwa theluthi mbili ya wabunge wote, asiyekuwepo na aliyekataa huhesabiwa pamoja. Spika akitoa ruhusa, huitoa kwa barua, na barua huwa na tarehe. Mwombe mbunge wako akuonyeshe yake.