Barua ya chifu haiingizi ng'ombe msituni

SWALI: Afande habari. Niko Nyandarua karibu na msitu wa Aberdare, nina ng'ombe tisa na kondoo kadhaa, na nyasi shambani imeisha. Kuna jamaa amechukua pesa akaniletea barua ya chifu yenye muhuri, anasema nayo nalisha msituni mwaka mzima, hata ng'ombe wa ndugu yangu waingie na wangu. Si msitu ni ardhi ya umma? Nikikutana na renja nimwonyeshe hiyo barua?

JIBU: Mwonyeshe tu. Ataisoma, atakurudishia, halafu atahesabu ng'ombe na kuwaswaga mpaka stesheni ya misitu.

Sijui hii kitu ya barua ilianzia wapi ila kila kiangazi lazima inifikie, na kila mara mwenyewe ashalipa ndiyo anauliza. Chifu anaweza kuandika kwamba anakujua na wewe ni mkaaji wa lokesheni yake, basi, kazi yake imeishia hapo, hana msitu wa kugawa. Mwenyekiti wa chama cha msitu, kile cha wanajamii, pia hana. Pesa ya uanachama ni ya uanachama, na kuna watu wanashikwa wakiwa na risiti ya chama mkononi wanaapa walilipia malisho.

Na hiyo ya "ardhi ya umma" ndiyo inanichosha kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imeweka misitu ya serikali na mbuga kwenye ardhi ya umma ndiyo, lakini inasema pia inashikiliwa kwa niaba ya wananchi na kuna wa kuisimamia. Barabara pia ni ya umma, hebu enda upande mahindi katikati ya lami. Sheria ya misitu ya 2016 inatambua kwamba jamii inaweza kukata nyasi na kulisha, hiyo hakuna anayekunyima, ila inapitia kwa chama kilichoandikishwa na kilicho na mkataba na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kibali kinatoka stesheni.

Sasa kishike kibali chenyewe ukisome. Kina jina lako, idadi ya mifugo, mahali na muda. Unalipia kwa kichwa na kwa mwezi, kwa hivyo mtu akikuuzia cha "mwaka mzima" jua umeuziwa hewa. Kama kimeandikwa ng'ombe tisa na renja ahesabu kumi na tatu, wale wanne wa ndugu yako hawana kibali, na wewe ndiye uliyewaingiza. Yeye aende achukue chake. Mahali pia si mapambo, fosta, yaani afisa wa misitu wa stesheni, hakuoneshi upande fulani kwa kukuonea, ng'ombe akiingia kwenye miche ya saiprasi ya juzi anakanyaga kazi ya msimu mzima kwa asubuhi moja, lakini kwa miti iliyokomaa huyo huyo anamsaidia fosta, nyasi ikiliwa moto unakosa cha kushika. Mbuzi hukutaja, na heri, fosta wengi hawataki hata kuwasikia.

Nyinyi wa Aberdare mna mtego mwingine. Ile fensi ya stima iliyomalizika 2009 imezunguka msitu pamoja na mbuga, sasa mtu akishapita geti anaona huko ndani kote ni kumoja. Si kumoja. Mbuga iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na sheria yake ni ya 2013, kibali cha fosta hakifiki huko hata kiwe na mihuri kumi, na ng'ombe hasomi mpaka, anafuata majani, kwa hivyo kijana wa kuchunga aoneshwe kwa miguu anaishia wapi kabla ya siku ya kwanza.

Hawa mabroka wanajua mvua ikichelewa mfugaji hana muda wa kuuliza, na hapo ndipo wanakula. Wengine wanauza nakala ya kibali cha mtu mwingine, jina limefutwa wakaandika lingine juu. Enda stesheni mwenyewe, uitishe bili, ulipe kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, risiti itoke na jina lako. Mtu akikuambia mtandao uko chini ndiyo maana pesa inaingia kwa simu yake, mwambie utangoja urudi.