Maswali na Majibu: Kumvalisha mtu mwili wa mzee

SWALI: Wataalamu, shikamooni. Nasoma uzamili wa sosholojia. Nawavalisha washiriki miwani ya uhalisia pepe (VR) wajione wamekuwa wazee wa miaka 80, kisha napima kama mtazamo wao kwa wazee umebadilika. Kwenye jaribio la awali wengi walisema wameona katuni tu, na baadhi walipata kichefuchefu. Nakosea wapi?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Wakisema "katuni", ujue ule mwili haukuwaingia, na dodoso utakalowapa baada ya hapo halipimi ulichokusudia. Mtu huuona mwili wa bandia kuwa wake pale macho na viungo vinapomwambia jambo lilelile kwa wakati uleule. Watafiti Botvinick na Cohen walilionyesha hilo mwaka 1998 kwa mkono wa mpira: waliupapasa kwa brashi sambamba na mkono halisi uliofichwa, na washiriki wakahisi ule wa mpira ni wao. Brashi zilipopishana, hisia ilififia. Kwako wewe, mkono wa avata (ule mwili wa bandia anaovishwa mshiriki) ukichelewa nyuma ya mkono halisi, ni brashi zimepishana.

Linganisha kwanza urefu wa avata na wa mshiriki, kisha weka kioo kikubwa ndani ya chumba pepe. Mpe dakika tano nzima: atazame viganja, avigeuze, ainue mkono mmoja mmoja, ndipo ajitazame kiooni. Miwani na rimoti mbili hufuata kichwa na mikono tu. Miguu programu inakisia, na goti linalojikunja ovyo kiooni linatosha kuvunja kila kitu. Mkalishe kitini, na avata akae vilevile.

Kichefuchefu huja hasa picha inaposogea ilhali mwili umetulia, kwa hiyo usimtembeze mshiriki kwa rimoti. Angalia pia lenzi. Umbali kati ya mboni za mtu mzima ni wastani wa milimita 63 hivi; mwenye 57 akivaa miwani ambayo lenzi zake zimewekwa umbali wa 68 ataona ukungu na macho yatamchoka. Upime kwa rula kabla hajavaa. Halafu kuna nywele: juu ya fundo la rasta au ushungi unaoteleza, mkanda hupanda taratibu, miwani inashuka puani, na mshiriki hasemi kitu kwa adabu. Legeza mkanda wa juu, fundo lishuke kisogoni, uliza tena kila baada ya dakika chache. Usimvue mtu ushungi. Awepo msaidizi wa kike na chumba cha faragha.

Hata mwili ukiingia vizuri, usitarajie jibu moja. Mwaka 2013 Tabitha Peck, Mel Slater na wenzao waliona upendeleo wa rangi usio wa makusudi ukipungua kwa wanawake weupe waliopewa mwili mweusi. Mwaka 2009 Victoria Groom na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuwa wamepata kinyume, na tukio lao pepe lilikuwa usaili wa kazi. Mzee wako anafanya nini mle ndani? Akiwa mtu wa kuhurumiwa tu, unaweza kuzidisha dharau uliyotaka kuiondoa.

SWALI: Nikifuta majina kwenye mafaili ya mwendo wa washiriki yanayorekodiwa na miwani ya uhalisia pepe, siri yao imehifadhika?
Mtafiti msaidizi, Nairobi

JIBU: Hapana. Kichwa na mikono miwili hutoa namba 18 kila kipimo: sita kwa kila kimoja, za mahali kilipo na kilikoelekea. Kwa vipimo 90 kwa sekunde, dakika 20 zinakuachia namba 1,944,000 za mtu mmoja, na mwendo ni kama mwandiko. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford waliwatambua watu kati ya 511 kwa usahihi wa asilimia 95, kwa data ya chini ya dakika tano kwa kila mmoja. Kokotoa vipimo unavyohitaji, mfano umbali aliosimama kutoka kwa avata mwenzake, kisha futa faili ghafi. Tarehe ya kulifuta iwe kwenye fomu ya ridhaa kabla mtu hajavaa miwani.